Alcoblow na hesabu tunayoikosea: vizuizi vya polisi hupunguza vipi ajali za ulevi?

Tangu Desemba 2013, Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani nchini Kenya, NTSA, ilipoingia barabarani usiku pamoja na polisi ikiwa na vifaa vya kupima pombe kwa pumzi viitwavyo Alcoblow, habari ya Alcoblow imesimuliwa kwa namna moja tu. Jumatatu asubuhi redio inatangaza madereva wangapi walilala seli wikendi. Idadi ikiwa kubwa, msako umefana. Ikiwa ndogo, polisi wamezembea au wamekula. Wanywaji nao wana simulizi zao: fulani alinaswa Thika Road, fulani alipita hivi hivi amelewa chakari, kwa hiyo kifaa chenyewe ni bure. Pande zote mbili zinahesabu kitu kilekile, yaani waliokamatwa, na kuhusu ajali namba hiyo haitwambii karibu chochote.

Tuanzie mbali kidogo, Michigan nchini Marekani. Mei 1986 polisi wa jimbo hilo waliweka kizuizi usiku katika kaunti ya Saginaw kwa muda wa saa 1 na dakika 15. Magari 126 yalipita, kila moja likicheleweshwa kwa wastani wa sekunde 25, na madereva 2 wakakamatwa kwa ulevi. Waliopinga walikwenda mahakamani wakisema raia wasio na hatia wanasimamishwa kwa faida ndogo mno. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba usumbufu wa sekunde chache ni mdogo ukiuweka kando ya vifo vya barabarani, hivyo kizuizi ni halali. Michigan yenyewe haikuufaidi ushindi huo. Mwaka 1993 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilisema katiba ya jimbo haiviruhusu, na mpaka leo Michigan ni miongoni mwa majimbo yapatayo 12 yasiyoweka vizuizi vya namna hii.

Hoja ya waliopinga ina mvuto, na mtu asiikimbie. Ukiwasimamisha watu 126 ili uwapate 2, umefanya kazi gani? Jibu lilipatikana miaka michache baadaye katika jimbo jingine, Tennessee. Kuanzia Aprili 1994 hadi Machi 1995 polisi wa huko waliweka vizuizi 882 jimbo zima, karibu kila wikendi, huku televisheni na magazeti yakivitangaza mfululizo. Madereva 144,299 walipita. Waliokamatwa kwa ulevi ni 773. Ukigawanya unapata dereva 1 katika kila 187, na kizuizi cha kawaida hakikumnasa hata mlevi mmoja kamili. Askari aliyesimama kwenye baridi usiku ule alikuwa na haki ya kurudi nyumbani akijiuliza alikwenda kufanya nini. Hata hivyo watafiti walipolinganisha mwenendo wa ajali za vifo zilizohusisha pombe na ule uliotarajiwa kama vizuizi visingekuwepo, walikuta zimepungua kwa asilimia 20.4, sawa na ajali 9 hivi kila mwezi. Upungufu huo ulikuwa bado unaonekana miezi 21 baada ya mradi kwisha.

Ajali hizo zilizokosekana haziwezi kuwa za wale 773. Walevi wengi wanaoendesha hufika nyumbani salama, na hiyo ndiyo sababu wanarudia tena Ijumaa inayofuata. Kuwaondoa barabarani watu 773 kwa usiku mmoja mmoja, katika jimbo zima na mwaka mzima, hakuwezi kufuta ajali mbaya 9 za kila mwezi. Kilichozifuta ni madereva ambao hawakufika kwenye kizuizi kabisa: aliyeacha gari nyumbani, aliyempa mkewe ufunguo, aliyeishia chupa ya pili, aliyelala kwa shemeji. Hao hawamo katika orodha ya mtu yeyote. Mlinzi wa usiku hapimwi kwa idadi ya wezi aliowafunga kamba.

Hapa ndipo jambo linapoanza kuwa gumu, maana kizuizi kinachofanya kazi kwa njia ya hofu kinategemea kichwa cha dereva kuliko barabara. Na kichwa hicho kina saa zake. Anayetoka baa saa saba za usiku hana tena hesabu ya kufanya, pombe imeshamfanyia. Uamuzi wa maana ulipita mapema, saa kumi na moja jioni, alipokuwa anajiuliza kama aje na gari au asije nalo. Kizuizi kisichokuwa akilini mwake saa ile kimechelewa, hata kama baadaye kitamkamata.

Uingereza ilijifunza hili kwa shida. Sheria yao ya kupima pumzi ilianza kutumika Oktoba 1967, ikasukumwa na waziri wa uchukuzi Barbara Castle, mwanamke ambaye mwenyewe hakuwa na leseni ya udereva, jambo ambalo wanaume wa baa hawakumsamehe. Kikomo kiliwekwa miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Majeruhi wa usiku wa Ijumaa na Jumamosi walishuka mara moja kwa karibu theluthi mbili. Mwanasosholojia wa Marekani H. Laurence Ross aliyechunguza takwimu hizo alifanya jambo la busara: alitazama pia saa ambazo baa zilikuwa zimefungwa, watu wakienda na kurudi kazini. Saa hizo hazikubadilika. Basi kilichoshuka kilikuwa ni ajali za pombe kweli, wala si hali ya hewa au magari mapya.

Kisha, miaka michache tu baadaye, ajali zikapanda tena. Sheria ilikuwa ileile na faini ileile. Ila askari wa Uingereza hakuruhusiwa kumpima mtu ovyo. Alihitaji sababu ya kumshuku, au kosa la barabarani, au ajali. Wanywaji walikuwa wameogopa kelele za magazeti, halafu taratibu wakagundua kwamba wao, na marafiki zao, na marafiki wa marafiki zao, hawajawahi kupulizishwa. Hofu iliyokopwa kutoka gazetini ikaisha.

Linganisha na New South Wales, jimbo la Australia lenye jiji la Sydney. Tarehe 17 Desemba 1982 polisi wa huko walianza kupima ovyo kwa maana halisi ya neno hilo: gari linasimamishwa, dereva anapuliza, awe ananuka pombe au ametoka kanisani. Kikomo tayari kilikuwa miligramu 50. Tangazo la televisheni liliwauliza madereva watakuwaje siku ya mtihani, chini ya kikomo au chini ya ulinzi. Vifo vya barabarani jimboni vilikuwa 1,253 mwaka 1982. Mwaka 1983 vikawa 966. Uchambuzi uliofanywa miaka ya 1990 ulikadiria kwamba mwanzoni ajali za vifo zilipungua kwa asilimia 48 kwa sababu ya upimaji huo. Lakini tofauti kubwa na Uingereza ni kilichofuata. Polisi waliendelea, mwaka baada ya mwaka, wakipima kiasi cha mtu 1 kwa kila madereva 3 wenye leseni. Mtu wa Sydney hakuhitaji gazeti la kumtisha. Alikuwa amepuliza mwenyewe, au amemwona jirani akipuliza.

Vizuizi vya Marekani ni vya aina nyingine. Katiba yao inamtaka askari apate dalili kwanza, ndipo apime. Basi anainama dirishani, anauliza mbili tatu, ananusa, anatazama macho. Mnywaji mzoefu anajua kujibu kwa sekunde 20. Tafiti zilizowapima madereva upya baada ya kuruhusiwa kupita zilikuta askari wasio na kifaa maalumu cha kunusia pombe wamewakosa karibu nusu ya waliokuwa juu ya kikomo. Ndiyo maana simulizi ya “nilipita nimelewa” ni ya kweli mara nyingi, na inaharibu kazi kuliko watu wanavyofikiri. Kila mlevi aliyepitishwa kizuizini anarudi baa kuwa shahidi.

Ukiuliza basi kizuizi kinapunguza ajali kwa kiasi gani, utapata namba tofauti, na si kwa sababu wataalamu wamechanganyikiwa. Mapitio yaliyotolewa Marekani mwaka 2001, yakikusanya tafiti za nchi mbalimbali, yalitaja takriban asilimia 20 kwa ajali zinazohusisha pombe. Mapitio ya watafiti wa Norway na Uholanzi ya mwaka 2009 yalitoa asilimia 17. Mapitio mapya zaidi ya mwaka 2014, yaliyotazama vizuizi vya Marekani na ajali za vifo pekee, yalishuka hadi asilimia 9 hivi. Namba inashuka pale ambapo vizuizi ni vichache, ambapo askari ananusa badala ya kupima, na pia ambapo walevi wepesi wa kuogopa walishaacha zamani wakabaki sugu. Anayekuambia kizuizi kinapunguza ajali kwa asilimia fulani, nukta, mwulize kizuizi cha wapi na kilirudi mara ngapi.

Kenya je? Takwimu za NTSA zinaonyesha vifo 3,191 mwaka 2013 na 2,907 mwaka 2014, mwaka wa kwanza kamili wa Alcoblow. Upungufu wa asilimia 9 hivi. Mwaka 2015 vikapanda tena hadi 3,057. Ni rahisi kuandika kwamba Alcoblow iliokoa watu 284, na wapo walioandika mambo ya namna hiyo. Lakini kipindi hichohicho serikali ilibana safari za usiku za mabasi, baada ya ajali ya Ntulele, Narok, Agosti 2013, iliyoua watu zaidi ya 40. Basi lisilokuwa barabarani saa nane za usiku halipinduki, dereva wake awe amekunywa au hajanywa. Namba moja ya mwaka mzima, yenye watembea kwa miguu, abiria, bodaboda na malori ndani yake, haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Kuna mtego mwingine, mdogo ila unanasa wengi. Serikali huanzisha misako baada ya mwezi mbaya. Mwezi mbaya kwa kawaida hufuatwa na mwezi wa afadhali, msako uwepo usiwepo. Desemba ikishapita, Januari watu hawana pesa za pombe wala nauli ya kwenda popote. Atakayelinganisha ajali za Januari na za Desemba atauona msako umefaulu kila mwaka.

Kwa hiyo utafiti ninaouthamini kuliko wote katika suala hili ulifanyika mahali panapofanana na kwetu zaidi kuliko Sydney: jimbo la Rajasthan, India. Wanauchumi Abhijit Banerjee, Esther Duflo, Daniel Keniston na Nina Singh, huyu wa mwisho akiwa mwenyewe afisa wa polisi, walipanga vituo vya polisi kwa kura. Baadhi viliweka vizuizi vya usiku, vingine vikaachwa viendelee kama kawaida ili viwe kipimo. Kati ya vilivyoweka, vingine vilikaa mahali pamoja, pale polisi wenyewe walipopaona pabaya zaidi. Vingine vilihama kati ya sehemu tatu. Vizuizi vilivyohama vilipunguza ajali za usiku kwa asilimia 17 na vifo vya usiku kwa asilimia 25. Vilivyokaa mahali pamoja, hata pale pabaya zaidi, havikuonyesha upungufu wowote wa kutegemewa.

Hesabu hiyo isomwe taratibu, maana inapingana na akili ya kawaida ya afisa mipango. Umechagua barabara inayoua kuliko zote, umeweka askari wako wote pale, na hupati kitu, kwa sababu ndani ya siku chache kila mnywaji wa eneo hilo ameshajua na amepata njia ya panya. Ajali haikufa, ilihamia barabara ya nyuma yenye mashimo na isiyo na taa. Ukihamahama, mnywaji hana pa kukimbilia. Utafiti huo ulikuta jambo jingine ambalo makamanda hawalipendi: timu maalumu zilizotoka makao ya polisi zilijitokeza kazini zaidi kuliko askari wa kituo cha hapohapo, ambao kizuizi chao wakati mwingine kilikuwepo kwenye ratiba tu.

Sasa tuirudie Nairobi. Alcoblow ilipoanza ilikuwa na kila kitu cha New South Wales: ilikuwa mpya, ilionekana, iliimbwa redioni, kila mtu alikuwa na binamu aliyepuliza. Kisha ikaanza kujulikana ilipo. Waiyaki Way, Thika Road, Lang'ata, Ngong Road, mara nyingi palepale. Twitter na makundi ya WhatsApp yakafanya kwa sekunde kazi ambayo madereva wa Rajasthan walihitaji siku kadhaa kuifanya. Upande wa Tanzania tuna teknolojia ya zamani zaidi kwa kazi hiyohiyo: unayepishana naye anawasha taa mara mbili, unajua trafiki yupo mbele. Watu hulaumu simu, lakini simu inatoboa tu kizuizi kisichohama. Kikikaa dakika 40 na kuondoka, ujumbe wa saa nne unakuwa uongo ifikapo saa tano, na mnywaji akidanganywa na kundi lake mara mbili anaanza kulitilia shaka. Kanuni ambayo polisi wa nchi nyingi wameifikia ni hii: tangaza kwamba kipo, ficha kilipo.

Sheria nayo ilichangia kuilegeza Alcoblow. Kanuni za kipima pumzi za Kenya za mwaka 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi. Namba hiyo haikuokotwa. Ni kile kikomo cha damu cha Waingereza, miligramu 80, yaani mikrogramu 80,000, kikigawanywa kwa 2,300, uwiano unaokubalika kati ya pombe iliyo kwenye damu na ile inayotoka na pumzi ya ndani ya mapafu. Shida ilikuwa kwingine. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamtia hatiani anayeendesha akiwa amelewa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari, wakati kanuni zilimtia hatiani kwa kuzidi namba tu. Januari 2017 Mahakama ya Rufaa iliona kanuni zinapingana na sheria iliyozizaa. Polisi waliambiwa wanaweza kuendelea kupima, ila mashtaka yaende kwa kifungu cha 44, na hapo upande wa mashtaka unatakiwa kuonyesha kwamba dereva alishindwa kulidhibiti gari, kitu ambacho kipande cha karatasi kutoka kwenye kifaa hakikionyeshi peke yake. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2018, Rais Uhuru Kenyatta akaiondoa NTSA barabarani, kazi ikarudi kwa polisi pekee. Baa zilisherehekea mara mbili.

Kikomo cha namba tupu, ambacho Mahakama ilikikosa kwenye sheria, ndicho kinachofanya upimaji wa wengi uwezekane. Bila hicho askari anarudi kwenye kunusa na kushuhudia jinsi mtu alivyoyumba, na kila kesi inakuwa mabishano. Mabishano ya saa sita za usiku kando ya barabara, dereva akiwa na pochi na askari akiwa na njaa, tunajua yanaishia wapi. Hongo haimwachi tu mlevi mmoja apite. Inabadilisha bei: aliyekuwa akiogopa seli, faini ya hadi shilingi 100,000 na aibu, sasa anaogopa noti ya elfu moja. Kwa pesa hiyo wengi wataendelea kunywa na kuendesha, na kizuizi kinageuka kuwa kituo cha ushuru.

Tanzania imechagua mlango mwingine. Alfajiri katika stendi kuu, ile ya Magufuli kule Mbezi ikiwemo, trafiki huwapulizisha madereva wa mabasi kabla ya safari. Hiki si kizuizi kwa maana niliyoieleza hadi hapa. Hakimtishi dereva wa gari dogo hata kidogo, lakini kwa basi lenye abiria 50 na zaidi kinamtoa mtu kwenye usukani kabla hajaushika, na dereva anajua kila asubuhi atapulizishwa. Kinachobaki wazi ni njiani. Aliyepuliza safi saa kumi na moja alfajiri anaweza kunywa kwenye kituo cha chakula mchana.

Na kuna watu ambao kizuizi cha lami hakiwafikii kabisa. Bodaboda anayetoka kilabuni kijijini hapiti barabara kuu. Mtembea kwa miguu aliyelewa, ambaye ni sehemu ya wanaokufa usiku pembeni mwa barabara zetu, hasimamishwi na mtu. Anayetarajia Alcoblow ishushe vifo vyote vya barabarani ameipa mzigo usio wake. Dawa ya huyo wa mwisho ni taa, njia ya miguu na mwendo mdogo wa magari.

Limebaki swali la gharama, ambalo maafisa hulitumia kama kisingizio. Picha tuliyoizoea ni ya askari 20, malori mawili na taa za kuwaka, kitu kinachowezekana Desemba na Pasaka tu. Majaribio ya Marekani, yakiwemo ya vijijini West Virginia, yalitumia askari 3 hadi 5 kwa kizuizi, kila wikendi, na bado idadi ya walevi barabarani ilishuka kwa kiasi kikubwa. Askari wanne, vipima viwili, mirija ya kutosha ya kupulizia, nusu saa Rongai, nusu saa Kikuyu Road, kisha Mombasa Road, na wiki inayofuata mpangilio mwingine. Jumatatu redio itangaze wamepimwa wangapi. Waliokamatwa, kama mambo yanakwenda sawasawa, watapungua kila mwezi, na itabidi kuwepo kamanda mwenye kifua cha kumweleza waziri kwamba hiyo ni habari njema.